Bango la Waokoaji

Lieven Dewulf alichora katuni katika gazeti letu la Ostende kwa miaka ishirini, na katika kila katuni alijichomeka mwenyewe pembeni, ndevu na kiko, hata kwenye picha za mazishi. Sisi wa bandarini tulishamzoea. Lakini alipowachorea waokoaji wa baharini bango la kuchangisha, bure, hapo ndipo alipotuchosha. Kila baa aliyoingia alianza na lile lile: "Sikutaka hata senti!" Bia yenyewe ikawa haipiti kooni.

Siku ya uzinduzi alivuta kitambaa mwenyewe. Mashua juu ya wimbi, waokoaji sita, wote wametugeukia sisi kama wanapigwa picha ya harusi. Aliyeshika kamba ana ndevu na kiko. Chini, majini, umetokeza mkono mmoja tu.

Watu wakapiga makofi. Mama Godelieve, muuza uduvi, ambaye mumewe alikufa maji akiokoa wengine, hakupiga.

"Lieven, mwanangu," alisema, "kiko kinawaka katikati ya mawimbi yote haya?"

"Ni sanaa, mama."

"Haya. Na huyu anayezama, mbona hakuna hata mmoja anayemtazama? Na wewe hata kichwa hukumpa!"

"Nilimpa, mama," Lieven akajibu, mkavu wa macho. "Nikakifuta. Nilikosa pa kutia saini yangu."