Bosi Alivyoipiga Brashi Mizani

Bosi wangu wa kwanza aliuza viatu vya mitumba Mchikichini miaka mingi kabla ya kufungua maabara ya kupima viungo vya chakula na unga, ghorofa ya tatu, Kariakoo. Mizani nyeti ya maabara ilikuwa chini yangu. Ilikaa ndani ya kisanduku cha kioo, na ukiipumulia tu, tarakimu za mwisho zinahama. Kila asubuhi niliizima, nikatoa sahani yake, nikafagia vumbi kwa brashi laini, halafu nikaihakiki kwa jiwe dogo la chuma ambalo halishikwi kwa vidole. Unalibeba kwa kibanio, maana mafuta ya vidole yanaliongezea uzito.

Kwa bosi, huo ulikuwa uvivu wa wasomi.

Siku moja tulitarajia wageni. Nilitoka kidogo kufuata sampuli ya pilipili manga kwa mteja mtaa wa pili. Niliporudi nikakuta mizani inameta mpaka inatia aibu. Nikaiwasha. Tarakimu zikapanda, zikashuka, zikakataa kutulia.

"Umeifanya nini?" bosi akauliza, kabla sijamuuliza yeye.

Ziara ya wageni ikaahirishwa, nami nikaamriwa kuandika barua ya kujieleza. Niliandika kurasa mbili kuhusu kosa nisilolijua.

Kesho yake akaja fundi wa mizani kutoka maeneo ya Posta, mama wa makamo asiye na maneno mengi. Akafungua kisanduku, akainama, akanusa. Kwa kibanio akachomoa unywele mweusi, mnene, chini ya sahani. Kisha akaliinua lile jiwe kwenye mwanga. Lilikuwa na alama ya dole gumba, ya mafuta.

"Nani amesafisha kwa brashi ya viatu?"

Bosi akakohoa. "Mama, mimi kung'arisha vitu nina uzoefu nako."

"Na jiwe umelishika kwa mkono?"

"Nililishika kwa heshima."

Yule mama hakucheka. Mimi niligeukia dirishani, nikang'ata mdomo.

Mizani ilipona. Barua yangu ikabaki kwenye faili. Nilipoomba itolewe, bosi alisema imeandikwa vizuri, itawafaa wafanyakazi wengine kama mfano. Tangu hapo ufunguo wa chumba cha mizani niliuvaa shingoni.

Wageni walipokuja hatimaye, bosi alininyooshea kiganja mbele yao.

"Lete ufunguo."

"Nawa mikono kwanza, bosi."

Akanawa, kwa sabuni, wageni wote wamesimama wanamsubiri.