Majina yaliyoshikamana

Jamani, leo mi nimefuta wafu, wakarudi.

Natengeneza ukurasa wa mtandao wa timu yetu ya mpira, hapa mtaani Jabe. Majina yanakaa kwenye faili moja ya XML, sura ya ukurasa inakaa kwenye faili ingine, ya XSLT.

Kocha akaniambia: "Wale wachezaji wetu watatu waliouawa, uwaondoe. Mama zao wasilie tena."

Kwenye XSLT nikafuta kanuni ya kuwaonyesha, kwenye XML majina nikayaacha.

Kosa! XSLT ikikosa kanuni, inamwaga maandishi hivyo hivyo, bila kuyapanga.

Wakatokea chini ya ukurasa, bila nafasi katikati: HassaniPasikaliYusufu.

Nikasema, "Pole kocha, natengeneza."

"Apana. Uache. Siku ile tuliwakuta vile vile, maiti zimelaliana."

Sijagusa kitu tena. Nyinyi mungegusa?