Mstari wa Kumi na Nne

Pale hospitalini walimwita Bwana Rula, kwa sababu hata karatasi ya kuandikia namba ya simu aliipigia mstari kwanza. Alikuwa karani wa masjala, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Chumba chake kilikuwa cha mwisho koridoni, chenye rafu za chuma zilizojaa mafaili hadi darini na dirisha lisilofunguka. Duniani alikuwa na mafaili hayo na dada yake, aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Hospitali ilipofungua tawi ng'ambo ya mpaka, meneja alimwekea mezani sheria mbili za ulinzi wa taarifa binafsi, moja ya huku, moja ya kule.

"Zilinganishe, mzee. Wakaguzi wanakuja, na mimi nataka utaratibu mmoja kwa matawi yote mawili."

Bwana Rula akachora jedwali. Safu ya kushoto, sheria ya huku; ya katikati, ya kule; ya kulia akaandika kwa wino mwekundu: "Tutakayofuata." Miezi minne alizipekua neno kwa neno, na kila zilipotofautiana alishika jambo moja tu: chukua iliyo kali zaidi, hutakosea. Mstari wa tisa: kule, orodha ya wagonjwa isiandikwe majina, iwe namba tupu. Akaandika namba tupu. Mstari wa kumi na nne: huku, faili la mgonjwa aliyepona laweza kutunzwa hata miaka kumi; kule, lisizidi mitano, kisha lichanwe na nakala ya kompyuta ifutwe. Akaandika mitano.

Wakaguzi walimsifu. Meneja akamtundikia cheti ukutani. Mafaili elfu mbili na ushee yakapita kwenye mashine ya kuchana karatasi, na kila ukurasa wa orodha ulitiwa sahihi na Bwana Rula.

Miezi miwili baadaye, dada yake akapiga simu.

"Tumbo limerudi, mdogo wangu. Lile lile la miaka saba iliyopita."

"Daktari anasemaje?"

"Anataka ripoti ya upasuaji ule. Aliyenipasua hapo kwenu ni marehemu, na huyu hajui mwenzake alikata nini, akaacha nini. Picha amepiga, hazimwelezi. Bila ripoti, anasema, hashiki kisu."

"Hilo tu? Dada, umekuja kuomba maji kwa mwenye kisima!"

"Ndiyo maana nimekupigia wewe. Ulizaliwa na rula mkononi, leo itusaidie."

Akamsomea namba kutoka kwenye kadi yake ya zamani: 4117. Bwana Rula hakuwahi kuijua. Siri ya mtu ni siri, alizoea kusema, hata ya dada; faili lile hakuligusa siku zote saba za kulazwa kwake wala baadaye.

Aliiendea rafu. Palikuwa na mafaili mapya. Akafungua daftari la orodha, ukurasa wa kumi na tisa. 4117 ilikuwepo, imekatwa kwa mstari ulionyooka kama uzi, na chini ya ukurasa sahihi yake mwenyewe.

Alijaribu kompyuta. Imefutwa. Akampigia mwenzake wa tawi la ng'ambo, huenda nakala ilipita huko.

"Ndugu yangu, si wewe uliyetuagiza tufute? Mara tatu ulinipigia kuhakikisha."

Meneja alimsikiliza amesimama.

"Pole sana, mzee. Lakini kosa hakuna. Tulifuata sheria zote mbili."

"Ya huku ilituruhusu kumi."

"Ilituruhusu. Wewe ndiye uliyechagua."

Jioni alikwenda kwa dada yake. Alimkuta kwenye kochi, mto ameukumbatia tumboni. Alimweleza yote, bila kuruka kitu, kama anayesoma kumbukumbu za kikao.

"Nani aliyeandika miaka mitano?" dada aliuliza.

Angeweza kusema ni hospitali.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa kali zaidi."

Dada akaanza kucheka. "Tangu utoto! Nikikutuma uoshe sahani, unaosha na sufuria za jirani." Kicheko kilimkatikia katikati, akajikunja. Alipopata pumzi alisema polepole, "Basi. Maji yakishamwagika hayazoleki. Nipe hizo dawa za maumivu, ndizo pekee alizoweza kunipa huyo daktari."

Bwana Rula akachukua kopo, akalisogeza kwenye taa asome.

"Wameandikaje?"

"Kidonge kimoja au viwili."

Alikaa na kopo mkononi muda mrefu. Kisha akatoa viwili, akampa na maji, akakaa chini kando ya kochi kungoja vifanye kazi.

Saa moja ikapita. Dada bado alikuwa ameukumbatia ule mto.

"Labda vilitakiwa vitatu," alisema, akijaribu kutabasamu.

Bwana Rula akalisogeza kopo kwenye taa, akasoma tena.