Kiti cha Mlangoni kwa Sonara

Saa mbili asubuhi, sonara anavaa glavu, anashusha miwani ya plastiki, kisha anamkazia macho mumewe.

"Kiti chako ni kile cha mlangoni. Ukisogea tu, nakutoa nje."

"Sawa, bosi," anajibu mumewe na kukaa kwa adabu zote.

Leo ndiyo mara ya kwanza mzee huyu anaingia karakana tangu mapafu yake yaungue. Yeye ndiye aliyemfundisha mkewe kusafisha dhahabu kwa asidi ya nitriki. Asidi huyeyusha shaba na fedha zilizochanganywa na dhahabu, dhahabu yenyewe ikabaki. Wakati huohuo hutoa moshi wa kahawia, na moshi huo, jamani, si wa kuchezea.

Siku ya ajali chupa ilimponyoka. Badala ya kumwaga maji mengi, kwa haraka akafunika asidi kwa maranda wanayokaushia pete zilizooshwa. Asidi hii huunguza mbao. Maranda yakafuka, yakashika moto, naye akainama kuyazima.

"Nilikohoa kidogo, nikaona yamekwisha," anasimulia. "Jioni nikala vizuri, nikamtania huyu. Kumbe moshi ule hauna haraka. Kabla sijalala, pumzi ikakata."

"Midomo ilikuwa ya bluu," mkewe anadakia. Machozi yanamlengalenga.

Daktari akampiga marufuku kuvuta moshi wowote. Mkewe akashika kazi peke yake, huku mzee akizunguka uani kutwa nzima, akiuliza rangi ya dhahabu ilikuwaje, imetoka safi?

"Alikuwa ananyong'onyea, namwona hivi hivi. Roho iliniuma," anasema mkewe.

Ndipo akamwita fundi wa vioo. Wakatengeneza kabati la kioo lenye feni inayovuta moshi na kuutoa kwa bomba lililopanda juu ya paa. Daktari naye akakubali mzee akae mlangoni.

Sasa sonara anamimina asidi. Nyuma ya kioo vipande vinachemka, moshi unapanda, feni inaumeza. Mkono wake uko kwenye kabati, macho yake yapo kwa mumewe.

Mzee anapumua. Hakohoi.

"Bibie, moshi umekata. Shaba imekwisha hapo."

"Nimeona."

"Umeona wapi? Ulikuwa unaniangalia mimi!"

Sonara anacheka hadi miwani inaingia ukungu. Mzee akiendelea hivi, anasema, atamwekea benchi lake pale pale mlangoni, atengeneze pete.

"Yangu ya ndoa tuliiuza alipolazwa. Nataka aanze na hiyo."



"Nawa mikono," mzee anamwambia, "ulete kidole nipime."