Hatua ya Ulimi Aliyoificha Faridi

Faridi wa Ujiji alikuwa mpishi wa sabuni, na kwa maneno yake mwenyewe Kigoma nzima haikuwa na wa kumfikia. Maneno hayo siku hizi huyasimulia kwa kujicheka. Mwaka tisini na sita, kambi za wakimbizi zilipofurika, kiwanda kidogo cha Gungu alichofanyia kazi kilipata oda ya sabuni za kambini. Shirika lililonunua lilitoa sharti moja: namna ya kuzitengeneza iandikwe hatua kwa hatua, na aandike yule yule anayeshika mwiko.

"Andika yote, Mzee Faridi," meneja Aikande alimwambia. "Hata usipokuwepo, mtu asome, apike."

Faridi akawaza: Karatasi ikishajua kila kitu, Faridi wa nini tena? Akaandika kurasa nne. Alianza kwa salamu na habari za afya yake, maana hakuwahi kuandika kitu kirefu kisichokuwa barua, na Aikande akazifuta. Mawese, kostiki, moto, kukoroga, vyote alivieleza. Hatua moja aliiruka makusudi: kabla ya kumimina, fundi huonja sabuni kwa ncha ya ulimi, na ikiuma, yaani makali ya kostiki hayajaisha, huirudisha motoni. Hiyo aliiweka akiba, akajiona mjanja kupindukia.

Mwezi haukuisha, malaria ikamlaza. Akapika Verediana, mama aliyekimbia vita Burundi na kupata kibarua pale kiwandani, akifuata karatasi neno kwa neno. Shadya, mke wa Faridi, akapewa mche mmoja wa sabuni ile, akamwogesha mgonjwa wake. Faridi alitoka bafuni mbio, povu mgongoni, kajifunga kanga ya mkewe, mbele ya majirani waliokuja kumpa pole. Ngozi ilimwaka siku mbili. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na huyu alikichimba kwa kalamu.

Akarudi kiwandani amefura. Bahati nzuri, mzigo wa kambini ulikuwa haujaondoka.

"Wewe hujui kuonja?" akamuuliza Verediana.

"Najua, mzee. Bujumbura nimepika sabuni miaka tisa. Hii nilionja, ikaniuma. Lakini karatasi haikusema tuirudishe. Mimi mkimbizi, nikiongeza neno langu juu ya karatasi ya bosi, kesho niko nje na watoto watatu."

Faridi aliogopa kufukuzwa, akaficha. Huyu aliogopa kufukuzwa, akatii. Aibu ilimchoma kuliko kostiki.

Wakakaa wote wawili wakaiandika ile hatua. Verediana akaongeza nyingine mbili ambazo fundi wa Kigoma nzima hakuzijua. Penye jina la mwandishi kalamu ya Faridi ilisita sana, kisha akaweka la Verediana kwanza, roho ikimuuma. Akaipeleka kwa Aikande na kumwambia nani aliyeificha hatua, kabla hajaulizwa. Alipotoka ofisini hakujua kama kesho angekuwa na kazi. Alijua tu kwamba Verediana anayo.