Vitu vya Watoto Waliopona

Mwezi wa saba uliopita nilikwenda Mbinga kwa shughuli zangu. Baridi ya kule, kama unaijua, haina adabu. Inakufuata hadi chini ya blanketi. Nikaingia sokoni kutafuta sweta la mtumba. Muuzaji ndiyo kwanza alikuwa amekata kamba za robota, nguo za watoto zimemwagika juu ya turubai, na mbele yangu alikuwa ameinama dada mmoja mjamzito, akiokota moja moja. Akanyanyua kisweta cha njano, akauliza, "Kaka, hiki kilikuwa cha mtoto gani?"

Muuzaji alicheka hadi akakohoa. "Dada yangu, hicho kimetoka ng'ambo huko. Huyo mtoto nitamjulia wapi?"

Watu wakacheka. Mimi nilishindwa. Niliacha sweta, nikaenda kusimama nyuma ya vibanda vya maharage, nikalia kama mtu aliyefiwa asubuhi ile. Swali lile nalijua. Nimekua nalo.

Baba alikuwa bwana shamba. Sisi ni watu wa Singida, tumezoea jua na vumbi, serikali ikaamua baba aende kuwafundisha watu wa Mbinga kahawa, ambayo wenyewe walikuwa wanaijua kabla yeye hajazaliwa. Tulipewa nyumba ya serikali yenye vyumba vitatu, kimoja hakina dari. Asubuhi ukungu ulikuwa unaingia ndani bila hodi. Nilikuwa darasa la nne, na kazi yangu ya kwanza kila siku ilikuwa kuwasha mkaa barazani, nikipuliza huku kamasi zinanitiririka, halafu mama anatoka na kikombe chake cha kahawa, amejifunga khanga juu ya sweta juu ya khanga nyingine.

Mama alikuwa na mimba. Katikati yangu na mimba ile walikuwa wamepita watoto wawili, na wote wawili tuliwaacha kwenye udongo wa Singida kabla hawajajua kukaa. Nyumbani hawakutajwa. Lakini mama alikuwa na namna ya kushika tumbo kwa mikono yote miwili, kama mtu anayebeba beseni la maji ya moto, na mimi nilijua anawafikiria. Alitaka huyu abaki. Hakutaka kitu kingine duniani, na alikuwa hafichi.

Aliamua kwamba huyu ataandaliwa chumba. Wale wawili, alisema, aliwapokea kwa hofu, hakuwawekea hata kitambaa, wakaona hawakungojewa wakaenda zao. Kile chumba kisicho na dari ndicho kitakuwa cha mtoto. Bibi jirani aliposikia alishika kichwa. Huyu alikuwa mkulima wa kahawa, Mmatengo, Mkatoliki wa misa ya kila asubuhi, mjane, mwenye mdomo usiolala. Kwao, alisema, mtoto hanunuliwi kitu kabla hajalia. Ukimnunulia mapema umemtangaza, na mbaya wake anasikia.

Mama alikaa chini palepale shambani kwake, kwenye majani ya kahawa. "Sasa nifanyeje, bibi? Nimpokee tena mikono mitupu?"

Bibi akaona huyu mtu si wa kubishana naye. Akampa njia. Asinunue kipya. Atumie vilivyotumika, tena vya watoto waliopona tu. Kitu kikishakuwa na mtoto wake, na mtoto huyo yu hai, anakimbia, anakula, hapo hujamtangaza mtu. Unatunza tu vitu vya wenzako.

Basi tukawa waokota vitu, nyumba nzima. Baba alipokwenda Mbuji na pikipiki kukagua mashamba ya ngolo, yale ya mashimo yanayopanda mlima mzima, alirudi na vitu vimefungwa nyuma. Mara gunia la kahawa ambalo watoto wa mtu walikuwa wanalalia, mara kopo la maziwa lililokuwa kayamba la mtoto. Kabla hajashuka kwenye pikipiki mama alishauliza, "Cha mtoto gani? Yuko hai? Umemwona kwa macho yako?" Baba, ofisa mzima mwenye cheti cha chuo, alikuwa anasimama pale akiapa kwamba mtoto amemwona, ana meno, amemtupia hata jiwe.

Magunia tuliyafua, tukayashona mapazia. Vitambaa vya mitumba alivyotupatia bibi jirani, vya wajukuu zake, vilikatwakatwa na kuwa mto. Mwalimu wangu alitoa sweta la shule la mwanawe, la kijani, viwiko vimetoboka. Mama alilifumua lote, nikamshikia uzi kwa mikono miwili hadi mabega yakauma, halafu akalifuma upya likawa blanketi dogo. Mwana wa mwalimu alikuwa mtundu aliyeshindikana, na kila alipopita njiani akipigana na wenzake mama alikuwa anachungulia dirishani na kufurahi. Sista wa zahanati ya misheni naye alileta kitambaa cheupe kizuri mno, kimetariziwa. Mama alikirudisha. Hakikuwa na mtoto.

Sista hakuchukia. Alimwangalia mama miguu, akasema, "Mama, hii miguu imejaa. Na uso. Njoo nikupime." Mama akaitika kwa heshima kwamba atakuja, chumba kikiisha. Kichwa pia kilikuwa kinamuuma siku zile. Sote tulikuwa tunakiona kile kichwa kimefungwa khanga, na sote tukasema ni baridi, ni uzi, ni kuinama.

Kilichobaki kilikuwa kitanda. Likizo ilipofika baba alinichukua tukapanda lori tukateremka ziwani, Mbamba Bay, kona baada ya kona, masikio yanaziba, hadi joto likatupokea na harufu ya usipa walioanikwa. Kule baba alielekezwa kwa bibi mmoja mzee. Alikuwa na kitanda cha mtoto kilichokatwa kutoka kwenye mtumbwi uliooza upande mmoja. Wamechukua upande mzima, wakauziba kwa ubao, wakaupiga msasa hadi ukawa laini kama sahani. Baba alikipapasa, akameza mate.

"Shikamoo, bibi. Mtoto aliyelala humu yuko wapi?"

"Ndiyo huyo."

Kulikuwa na mtoto mnono anakimbiza kuku mchangani. Alikuja akajificha kwenye khanga ya yule bibi, akamwita mama.

"Hajaugua?"

"Hata homa ya maana hajapata, baba. Huyu ni chuma."

Baba alicheka njia nzima kupanda Mbinga, ameshikilia kile kitanda kwenye lori utadhani ndiye mtoto mwenyewe. Kilinuka usipa vibaya. Tulikisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa majani ya mpera, na harufu ikapungua bila kuisha. Siku tuliyokiingiza chumbani mama alisimama mlangoni. Jua lilikuwa linapita kwenye mapazia ya gunia, ukuta umekuwa rangi ya ugali wa ulezi. Alisema, "Sasa aje." Nimesikia watu wakisali makanisani na misikitini, sijasikia tena mtu akisema hivyo.

Alikuja baada ya siku chache, mchana. Mama alianguka jikoni, akatetemeka mwili mzima, macho yamegeuka. Baba alitafuta gari, wakampakia. Bibi jirani alinishika nisikimbilie lile gari, nikamng'ata mkono, hakuniachia.

Jioni baba alirudi na mtoto wa kiume ndani ya lile blanketi la kijani. Mama hakurudi.

Nitakuambia kitu ambacho sijamsamehe mtu yeyote, na sijui hata ni nani wa kumsamehe. Kwenye matanga wanawake waliingia kile chumba mmojammoja. Kila mmoja alikiona kitu chake, akamwona mtoto amelala ndani ya kitanda cha mtumbwi ananyonya vidole, akasema, "Amepona." Bibi jirani alipiga magoti akalia na kushukuru. Chumba kilikuwa kimefanya kazi yake. Miezi ile yote tuliuliza kila nyumba habari za mtoto. Hakuna nyumba tuliyouliza habari za mama yake, hata kule ziwani.

Halafu wakaanza kuja. Habari zilikuwa zimeenea, hadi Ngaka kwa wachimba makaa ya mawe, hadi Liparamba. Mwanamke mwenye tumbo na hofu anabisha hodi, anamsalimia baba, anakaa kwenye ukingo wa kiti. "Bwana shamba, nimesikia una vitu vya mtoto aliyepona." Baba anamwita mdogo wangu, anakuja mbio na magoti yake yenye vumbi, mwanamke anamtazama mpaka uso wake unalegea kwa furaha. Nilikuwa nasimama kwenye kona ya mlango, nataka kupiga kelele: muulizeni mama yake yuko wapi! Sikuweza. Ungeweza wewe? Kila mwanamke aliyekuja alikuwa na sura ileile ya mama siku aliyokaa kwenye majani ya kahawa. Na baba alikuwa hawezi kumnyima mtu. Akatoa mto. Akatoa mapazia, akatoa kopo. Siku nyingine nilirudi shuleni nikakuta blanketi limekwenda, na nilipomuuliza alisema tu, "Alikuwa amefiwa na watatu."

Kitanda kilikuwa cha mwisho. Kilirudi ziwani kwa mwanamke mwingine, kwa lori la usipa.

Baba alipopata uhamisho, mdogo wangu alikuwa ameanza shule. Tulipakia vyombo tangu asubuhi. Siku hizi nyumba ile haipo, nimekwenda kuangalia. Wamejenga ofisi yenye vigae, na bibi jirani amezikwa kwenye kahawa yake. Lakini siku ile vyumba vyote vilikuwa vimeshafagiliwa, na mdogo wangu akanivuta gauni akaniingiza kile chumba kisicho na dari, kitupu, matundu ya misumari ukutani.

"Dada, nataka kubeba kitu cha mama. Cha mama ni kipi?"

Nilimwambia asubiri kidogo. Nikaanza kutafuta. Niliangalia nyuma ya mlango, niliangalia dirishani, nikapiga magoti nikapapasa sakafu kwenye kona, na yeye amesimama ameninyooshea mikono. Nje lori likapiga honi. Baba akatuita. Likapiga tena, na mimi bado natafuta.