Kitabu Nilichokisahihisha

Kosa langu, ambalo mengine yote ya wiki ile yalitokana nalo, ni kwamba nilisahihisha kitabu.

Nilikuwa kidato cha tatu, mwaka 2014, katika shule ya kata iliyo upande wa Titye, wilayani Kasulu. Kitabu chenyewe kilikuwa cha mazoezi ya kemia, fotokopi iliyotolewa kwenye fotokopi nyingine, na katika ukurasa mmoja kulikuwa na mchoro wa bureti. Bureti ni mrija mrefu wa kioo wenye alama za vipimo na bomba dogo chini. Unaujaza asidi, unafungua bomba, asidi inadondoka tone kwa tone mpaka kimiminika kilichoko kwenye chupa ya chini kibadilike rangi, kisha unasoma umetumia kiasi gani. Katika mchoro ule sifuri ilikuwa juu na hamsini chini. Mimi nikaona wachapaji wamekosea. Nikachukua kalamu ya wino mwekundu, nikakata namba zote, nikaandika upya: sifuri chini, hamsini juu. Pembeni, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko yote, nikaandika: "Imesahihishwa."

Sikuwa nimewahi kuona bureti. Mwalimu wetu wa kemia alihamishwa tukiwa kidato cha pili, na hakuletwa mwingine. Tulibaki wanafunzi kumi na mmoja katika mkondo wa sayansi, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na kile kitabu, nikawa ndiye ninayesimama ubaoni. Niliyaelewa mambo peke yangu chini ya mgomba nyuma ya jikoni kwa mama, asubuhi yake nikawafundisha wenzangu. Walikuwa wananiita Profesa, nusu kwa utani, nusu kwa kweli, na ile nusu ya kweli niliipenda mno. Niliogopa kukosea kiasi kwamba notsi niliziandika mara mbili, kwanza kwenye daftari chakavu, halafu kwenye daftari safi. Neno moja likikosewa, nauchana ukurasa wote. Mama alikuwa akiwashia moto kurasa zangu.

Bureti yetu niliiunda mwenyewe. Muuguzi wa zahanati, mama mmoja mwenyeji wa Tanga, alinipa bomba kubwa la sindano, lile la mililita hamsini, pamoja na mrija wa dripu uliopitwa na muda kabla ya kutumika. Nikatoa kisukumio, nikaunga mrija kwenye ncha, na kile kigurudumu cha kubana mrija kikawa ndiyo bomba letu. Tuliifunga kwenye mguu wa stuli iliyogeuzwa juu chini. Sasa, bomba la sindano lina sifuri kwenye ncha. Likining'inizwa ncha chini, sifuri inakuwa chini. Ndiyo maana nilimwona mchoraji wa kitabu hajui. Nikawatungia wenzangu kanuni, wakaikariri: soma mstari wa chini, kisha hesabu vistari kwenda juu.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeuliza. Alikuwa jirani yangu wa dawati, msichana ambaye wazazi wake walitoka Burundi, yeye akazaliwa huku huku. Alitaka kuwa muuguzi na hakuwa akificha.

"Profesa, mbona kitabu kinasema vingine?"

"Wamekosea kuchapa."

"Kitabu kizima?"

"Huo mchoro tu. Andika, bwana, muda unakwenda."

"Haya, naandika. Ila tukianguka, tunakuangukia wewe."

Darasa likacheka, nami nikacheka. Siku ile hakuuliza tena.

Wiki ya taaluma ilikuja mwezi ambao wazazi walikuwa wanabeba mawe ya msingi wa maabara. Mkuu wa shule, mzee mkali mwenye asili ya Kilimanjaro ambaye hakuwahi kuizoea baridi yetu pamoja na kwamba kwao kuna baridi zaidi, alituita sisi kumi na mmoja ofisini. Alisema ameomba mwalimu wa kemia mpaka amechoka kuandika barua. Alisema hawezi kuendelea kuwa na mkondo usio na mwalimu. Wenzetu wa shule moja ya Kibondo watakuja na mwalimu wao na vifaa vyao, na Alhamisi tutafanya nao zoezi moja la kemia kwa vitendo.

"Mkionyesha kwamba mnajua mnachofanya, mkondo unabaki. Msipoonyesha, Jumatatu inayofuata wote mnahamia masomo ya sanaa. Sitaki kilio."

Tulipotoka nje, jirani yangu wa dawati hakusema utani wowote. Bila kemia hakuna uuguzi. Aliniangalia tu, akasema, "Profesa, tupo mikononi mwako." Usiku sikupata usingizi, na sioni haja ya kueleza zaidi ya hapo.

Jumatatu tulibeba mawe pamoja na wazazi. Jumanne ulikuwa mdahalo wa Kiingereza, na ndugu mmoja wa kidato cha nne aliyeishiwa maneno katikati alimalizia hoja yake kwa Kiha, lugha yetu ya nyumbani, wazazi waliokuwa madirishani wakampigia makofi kuliko msemaji mwingine yeyote. Jumatano lori la Fuso likaleta wageni wa Kibondo, wamejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Jioni hiyo hiyo jirani yangu wa dawati alivua viatu, akawashinda wasichana wao wote kwenye mbio za mita elfu moja na mia tano. Alipofika mwisho alijitupa kwenye nyasi akasema, "Leo nimemaliza kazi yangu. Kesho yako." Nikiikumbuka jioni ile huwa nashukuru. Tulikula ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, wenyeji na wageni kwenye sinia moja, na kwa muda nilisahau kuogopa.

Alhamisi asubuhi mwalimu wa Kibondo alifungua boksi la mbao. Alikuwa mama mfupi, mpole wa sauti, miwani yake imefungwa uzi kwenye kishikio kimoja. Akatoa bureti, moja baada ya nyingine, kila moja imeviringishiwa gazeti. Zikasimamishwa mezani. Nikaangalia ya kwangu. Sifuri ilikuwa juu.

Mwalimu alikuwa ameshasema tuanze, hakuna kuongea. Nikajituliza kwa kujiambia kwamba haidhuru, tofauti ni kwamba hapa huna haja ya kutoa kwenye hamsini kama tulivyozoea kwa bomba letu la sindano. Mikono ikafanya ilichozoea. Rangi ilipobadilika kwa tone moja, vizuri kabisa, kama kitabu kinavyotaka, nikainama usawa wa macho nikasoma. Mstari wa chini, ishirini na nne. Vistari kwenda juu, vinne. Nikaandika 24.4, nikapiga mstari chini yake kwa rula.

Nje, mvulana mmoja wa Kibondo akaniuliza tumepata ngapi. Nikamwambia.

"Ishirini na nne? Sisi wengi ni ishirini na tatu nukta sita, saba huko. Nyie mlitumia asidi ya wapi, kaka? Ya limao?"

Wenzake wakaangua kicheko. Jirani yangu wa dawati alikuwa amesimama karibu. Alinivuta pembeni.

"Mimi nilisoma ishirini na tatu nukta sita," alisema. "Namba zinaongezeka kwenda chini, si unaona? Nikahesabu kutoka juu."

"Uliandika hivyo?"

"Nilifuta. Nikaandika ya kanuni yako."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu wewe hukosei."

Alisema bila dhihaka yoyote, na nadhani hicho ndicho kilichoniumiza zaidi. Nilikwenda darasani nikafungua kitabu. Namba zangu nyekundu zilikuwa juu ya zile za mchapaji, na neno "Imesahihishwa" likiwa limenyooka kama limepigwa taipu. Mchoro haukuwa na kosa. Bureti inapima kilichotoka, haipimi kilichobaki, ndiyo maana inaanza kuhesabu juu. Jambo dogo namna hiyo. Nilikuwa nimewafundisha watu kumi kusoma kinyume kwa miezi saba.

Nilipaswa kwenda kwa mwalimu saa ile ile. Sikwenda. Nilijiambia labda tofauti ni ndogo, labda hataona. Kitabu nikakisukuma chini ya daftari zote.

Ijumaa ilikuwa siku ya wazazi na zawadi. Kabla wazazi hawajakaa, mkuu wa shule alituita wote kumi na mmoja ofisini. Karatasi zetu zilikuwa zimepangwa mezani. Mwalimu wa Kibondo alikuwa amekaa pembeni.

"Karatasi kumi na moja," mkuu alisema, "na zote zimepita ishirini na nne. Hakuna hata mmoja aliyepata jibu sahihi, na wote mmekosea mahali pamoja. Mmepeana majibu. Nani alianza?"

Akamgeukia jirani yangu wa dawati kwa sababu karatasi yake ilikuwa na alama ya ufutio.

"Wewe ulifuta jibu. Ulikuwa na jibu gani?"

"Sikumbuki, mwalimu."

"Hukumbuki?"

"Sikumbuki, mwalimu." Alikuwa anaangalia sakafu. Alikuwa anakumbuka vizuri sana. Alikuwa ananifichia mimi.

"Basi hakuna cha kujadili. Huu ni wizi, na mkondo umekwisha."

Sijui niseme nilipata ujasiri. Ukweli ni kwamba sikuweza kusimama pale sekunde moja zaidi. Nilisema, "Mwalimu, naomba nikalete kitabu," nikatoka mbio kabla hajaruhusu. Niliporudi niliufungua ule ukurasa mbele ya yule mama wa Kibondo, nikaweka kidole juu ya maandishi yangu mwenyewe.

"Hawakupeana majibu, madamu. Mimi ndiye ninayewafundisha. Niliona mchoro umekosewa, nikausahihisha. Wote wanasoma kinyume kwa sababu mimi nilisoma kinyume. Huyu," nikamwonyesha jirani yangu wa dawati, "alipata ishirini na tatu nukta sita. Alifuta kwa sababu yangu."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa tena. Akasoma lile neno langu la pembeni kwa sauti. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akauliza hizo bureti tunazofanyia mazoezi ziko wapi. Tukamletea stuli yetu pamoja na bomba la sindano na mrija wake. Akaligeuza geuza, akafungua kigurudumu, akatazama maji yakidondoka.

"Hiki umetengeneza wewe?"

"Ndiyo, madamu."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna, madamu."

Akachukua karatasi zetu na kalamu. Akatuambia kwamba, kati ya ishirini na tatu na ishirini na nne, kistari cha nne kutoka chini ni kile kile cha sita kutoka juu, kisha akazipitia moja moja. 24.4 akaandika 23.6. 24.3 akaandika 23.7. Alipomaliza zote kumi na moja, akamgeukia mkuu wa shule.

"Mwalimu mkuu, mikono ya watoto hawa ni mizuri. Hakuna aliyepitisha rangi kwa kudondosha asidi ya ziada. Wa kwangu watatu wamepitisha. Hawa wamekosea sawa kwa sababu wamefundishwa pamoja, si wezi. Ushindi siwapi, jibu lisilo sahihi ni lisilo sahihi. Lakini ukiwahamisha sanaa utakuwa umefanya vibaya."

Mkuu wa shule akaangalia ile stuli. "Mpaka mwisho wa mwaka," alisema. "Na wewe Profesa, futa hilo neno."

Nje wazazi walikuwa wameshaanza kuchoka na jua. Kibondo wakapewa zawadi ya kemia, na sisi tukawapigia makofi. Mama yangu, ambaye alikuwa amekuja na khanga yake ya kanisani, aliniuliza, "Mmeshinda?" Nikamwambia hapana, mama, lakini tunaendelea kusoma. Baadaye nilipomwonyesha yule mwalimu, mama alipiga magoti kidogo, akamwamkia kwa kupiga makofi taratibu, namna Waha tunavyowaamkia watu tunaowaheshimu. Mwalimu hakuwa Muha, lakini aliitikia kwa makofi vilevile, na akakosea mdundo, wakacheka wote wawili.

Jumamosi, Fuso ikiwa inangoja na dereva akipiga honi, yule mama alitufundisha kwa saa mbili. Alipoondoka alituachia bureti moja kwenye gazeti lake. Alisema tutairudisha maabara yetu ikikamilika. Mpaka leo sijui niseme nini kinachotosha kumshukuru, wala kumshukuru muuguzi wa Tanga, wala wale kumi ambao baada ya siku ile hawakunicheka. Kwa kweli walinicheka, kwa muda wa wiki nzima, waliniita Imesahihishwa badala ya Profesa. Halafu wakarudi ubaoni kukaa mbele yangu.

Jirani yangu wa dawati hakuniomba nimwombe radhi. Jumatatu alifika mapema, akachukua chaki, akachora bureti ubaoni na sifuri yake juu, kubwa kama sahani. "Leo nafundisha mimi," alisema. "Kaa chini, andika."

Nikakaa, nikaandika.

Siku hizi jioni nafundisha watoto wa majirani kemia na hesabu. Bado nachana kurasa, hilo halijaisha. Kilichobadilika ni kwamba kitabu nakiwekea alama kwa penseli, na mtoto akiniuliza mbona kitabu kinasema vingine, naacha chaki, tunakwenda kuangalia pamoja.